UZI: Ghala la dawa likibomoka magunia yanazolewa, udongo anaachiwa nani? DDT, mafuta ya transfoma na moshi wa kopa

Ng'wana Maswa (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu mniwie radhi, ila hili jambo limenikaa kifuani tangu nirudi kutoka likizo kijijini mwezi uliopita na nikinyamaza ntakuwa nimekosea.

Kijijini kwetu kuna ghala la zamani la pamba, la enzi za chama cha msingi. Wazee walikuwa wanapeleka pamba pale, wanachukua mbegu, pampu za kupulizia na dawa. Likafungwa kufuli miaka na miaka, popo wakajaa. Sasa safari hii nimekuta limepakwa chokaa, yamewekwa madawati, watoto wa chekechea wanasoma mle ndani. Mwanzoni nilifurahi kabisa, maana zamani walikuwa wanakaa chini ya mwembe mvua ikinyesha wanatawanyika. Nikaingia kumsalimia mwalimu na hapo ndo nikakutana na ile harufu. Mliokulia kwenye pamba mnaijua, harufu kama ya uvundo inayokaa kooni, ile ya BHC, dawa ya zamani ya kuua wadudu. Miaka thelathini na kitu imepita na bado ipo. Mwalimu akaniambia jua likiwaka sana mchana watoto wanalalamika kichwa, wanapelekwa nje wanakaa kivulini. Kona ya nyuma sakafu imepasuka, kwenye ufa kuna unga wa kijivu na katoto kamoja kalikuwa kanauchokonoa na kijiti.

Nimesoma kemia na kazi yangu ni ya maabara (sio ya mazingira lakini), kwa hiyo nilijua naangalia nini. Na nilijua pia kwamba nchi hii tulishawahi kuyaona haya, tena kwa ukubwa.

Mwaka 1986 shamba la serikali la Vikuge, Kibaha, lilipokea tani 170 hivi za viuatilifu kama msaada kutoka Ugiriki, DDT ikiwemo. Sehemu ya ule mzigo tayari ilikuwa imepitwa na muda. Fikiria, unapewa msaada wa dawa iliyoexpaya. Zikawekwa kwenye banda, banda likachakaa mpaka likaanguka, masika ikanyesha, vuli ikanyesha, mwaka baada ya mwaka, magunia yakaoza na unga ukaingia ardhini. Baadaye vilivyokuwa vinaonekana kwa macho vikazolewa. Mtu akipita pale anaona pasafi, anasema kazi imekwisha.

Halafu wakaja watafiti wakachimba. Matokeo yao yalichapishwa 2004 na mi nikiyasoma huwa narudia mara mbili kuhakikisha sijakosea nukta: eneo la kama mita za mraba 400, sumu imeshuka mpaka sentimita 50 chini, na sehemu iliyozidi kuchafuka walikuta DDT gramu 282 kwenye kilo moja ya udongo. Yaani chota kilo ya ule udongo, zaidi ya robo yake ni DDT tupu. HCH, ambayo ndo ukoo wa BHC na lindane, gramu 63. Na ikapatikana kwenye maji ya kisima na maji ya juu ya ardhi maeneo ya jirani. Wakasema wazi kwamba udongo wenyewe sasa ni taka hatarishi, na kuondoa mabaki yanayoonekana hakujamaliza tatizo.

Hilo neno ndo limenifanya nifungue uzi. Sisi tunajua kuzoa. Tunazoa vizuri tu, tunapiga picha, tunaandika ripoti. Lakini hizi kemikali ziliitwa za kudumu kwa sababu haziozi. DDT inakaa ardhini miaka kumi, ishirini, ikibadilika inageuka DDE ambayo nayo haitoki. Haiyeyuki kwenye maji, inapenda mafuta, kwa hiyo ikiingia kwenye mwili wa kiumbe inajificha kwenye mafuta yake na kukaa humo. Mdudu analiwa na kuku, kuku anataga yai, yai anakula mtoto, kila ngazi inapanda inazidi.

Kwa hiyo swali langu kwenu: ni maghala mangapi ya namna hii nchi hii? Na nani anajua yako wapi? Ntaendelea chini kidogo, napumua.

Mkazi wa Picha ya Ndege

Mkuu umenishtua. Mi niko Kibaha na huku viwanja vinauzwa kama njugu, kila mwenye shamba anakata vipande. Mtu akija kununua anauliza hati ipo? mgogoro upo? maji yamefika? nguzo ya umeme iko mbali? Sijawahi kumsikia mtu hata mmoja anauliza hapa zamani palikuwa na nini. Mimi mwenyewe sikuuliza, na nimechimba kisima.

Swali: maji ya kisima nikiyachemsha si inatoka?

Ng'wana Maswa (mleta uzi)

Mkuu kuchemsha kunaua vijidudu, DDT hakuiondoi. Ila usipate hofu bure, kuwa Kibaha hakumaanishi una tatizo, Kibaha ni kubwa na hizi sumu zinajishika kwenye udongo, hazitembei mbali sana kama chumvi. Hatari ni pale pale palipomwagika na jirani yake, na kule maji ya mvua yanakotiririsha udongo. Kama una wasiwasi uliza wenyeji wa zamani, wazee ndo ramani tuliyonayo. Wakikwambia palikuwa na banda la dawa au josho, basi peleka sampuli ipimwe kabla hujajenga.

Naendelea. Kwa nini haya maghala yapo? Kwa upande wa pamba mi naona chanzo ni makabidhiano. 1976 vyama vya ushirika vikavunjwa, mamlaka za mazao zikachukua. Miaka ya 80 vikarudishwa. 1994 soko huria la pamba likaja, wanunuzi binafsi wakaingia na ushirika ukadhoofika. Kila makabidhiano watu wanahesabu mizani, magari, majengo, madeni. Dawa iliyoganda kwenye pipa lililotoboka nani anaitaka kwenye orodha yake? Inaachwa. Ongeza na ile misaada ya dharura ya viwavijeshi na nzige, dawa inaletwa nyingi kuliko inayotakiwa, inafika msimu umepita, lebo ya lugha isiyosomeka kijijini.

Na majosho! Watu wa kanda ya ziwa na wafugaji kwa ujumla, toksafini ilitumika sana kwenye majosho kuua kupe, na hiyo nayo imo kwenye zile 12 za mwanzo zilizopigwa marufuku duniani. Josho likichafuka lilikuwa linachotwa tope linamwagwa pembeni. Pembeni pale pale leo watu wanalima nyanya.

samaki_sato

Mleta uzi heshima yako. Mi niko Mwanza, na ukisema endosalfani labda vijana hawaijui, sema thiodani watakuelewa. Ilikuwa dawa ya pamba. Wakulima walikuwa nayo nyumbani, na ziwa lipo hapo, kilichotokea kila mtu wa ziwani wa umri wangu anakikumbuka: watu wakaanza kuvua kwa sumu. Unamwaga thiodani majini usiku, alfajiri samaki wanaelea, unaokota, unapeleka sokoni. Watu wakaumwa huku upande wetu, Uganda na Kenya pia. 1999 Ulaya wakafunga mlango, samaki wa Ziwa Victoria hawaingii. Baba yangu alikuwa anauza sangara kwa wakala wa kiwanda, ile miezi tulikula ugali na dagaa wa deni. Viwanda vilipunguza watu, mitumbwi ikakaa mchangani.

Nasema hivi ili mtu asione hizi sumu ni mambo ya wataalamu wa mazingira tu. Lilikuwa suala la chakula mezani. Wachache walimwaga, ziwa zima la nchi tatu likalipa.

Thiodani iliingizwa kwenye marufuku ya dunia 2011, ila kwa maoni yangu sisi tulishaipata adhabu yake miaka kumi na mbili kabla.

Mzazi Mwenzenu

Naomba niseme kitu na naomba nisieleweke vibaya. Mimi nimezika mtoto kwa malaria. Miaka minne alikuwa nayo. Kila nikisikia watu wanaiponda DDT roho inaniuma, kwa sababu nchi zilizoendelea zilimaliza malaria yao kwa hiyo hiyo DDT, wakishapona ndo wanatuambia ni sumu msiitumie. Mtoto wangu hakufa kwa sumu ya miaka 30 ijayo, alifariki kwa mbu wa usiku mmoja.

Ng'wana Maswa (mleta uzi)

Pole sana ndugu yangu. Pole kutoka moyoni. Na hoja yako ni ya haki, nisiipite juu juu.

Mkataba wenyewe wa Stockholm, ule wa dunia unaodhibiti hizi sumu za kudumu, haukuifuta DDT kabisa. Ulipitishwa 2001, ukaanza kufanya kazi Mei 2004 na Tanzania tukauridhia mwaka huo huo wa 2004. Ndani yake DDT imewekwa kwenye kundi lake la pekee: nchi inaruhusiwa kuitumia kupuliza kuta ndani ya nyumba dhidi ya mbu wa malaria, kwa masharti ya Shirika la Afya Duniani na kwa kutoa taarifa, kama hakuna njia mbadala inayofaa. 2006 Shirika la Afya lenyewe lilisema tena wazi kwamba upulizaji wa ndani kwa DDT unafaa. Kilichokatazwa ni kuipeleka shambani. Ugomvi wangu sio na ile iliyopulizwa ukutani kwa kipimo. Ugomvi wangu ni na ile inayotoka mlango wa nyuma wa ghala la afya inaenda kwenye mahindi, na ile inayobaki ghalani mpaka paa linaanguka.

Bintimakunduchi

Assalam aleykum. Niongezee hapo kwa upande wa Unguja. Bibi yangu Mwenyezi Mungu amrehemu alikuwa akitusimulia wapuliza dawa walivyokuwa wakipita nyumba kwa nyumba, mnatoa vyombo nje, vitanda nje, mnangoja kuta zikauke. Ile kampeni ilianza 1957 ikaenda mpaka 1968, na malaria ilishuka sana visiwani. Kampeni ikasimama, ugonjwa ukarudi. Bibi alikuwa akisema "ilikuwa kama mgeni kaondoka kenda msalani tu."

Lakini kuna na la pili. Miaka ya 80 walipojaribu tena, mbu wa kwetu walikuwa washaizoea DDT, hawafi kama zamani. Kwa hiyo ndugu aliyefiwa na mwanawe, namuombea subra, na namwambia hata tungeimwaga leo isingekuwa ile ya miaka ya 60. Kilichotushushia malaria Zanzibar safari hii ya karibuni ni vyandarua, dawa mseto na upulizaji wa dawa nyingine zisizokuwa DDT, zote kwa pamoja.

Mzazi Mwenzenu

Nashukuru dada. Nimeelewa. Hilo la mbu kuizoea sikuwa nalijua.

Okello_Lira

Habari zenu kutoka Uganda, Kiswahili changu si kizuri sana mtanivumilia. Hapa kwetu 2008 serikali ilipuliza DDT katika wilaya za Apac na Oyam, eneo la Lango. Shida ni hapo hapo watu wanalima pamba na ufuta wa organiki wa kuuza nje, na mkulima wa kijijini anaweka mavuno yake ndani ya nyumba anayolala. Ukipuliza nyumba umepuliza pamba. Wanunuzi wakakataa mzigo, watu wakaenda mahakamani, korti ikasimamisha. Kwa hiyo hata ile ya "ukutani kwa kipimo" inategemea nyumba ya mtu ikoje. Ulaya stoo iko mbali na kitanda. Kwetu sisi gunia ndio jirani ya kitanda.

Ng'wana Maswa (mleta uzi)

Okello asante sana, hiyo hoja ya gunia na kitanda nilikuwa sijaiwaza hivyo na naikubali yote. Kwetu Usukumani ni hivyo hivyo, msimu wa pamba tulikuwa tunalalia juu ya marobota.

fundi_kopa

Wakuu mi sio msomi, ni fundi wa kuchomelea Dar, nimeona kichwa cha uzi kina transfoma nikaingia. Mashine zetu nyingi za zamani za kuchomelea zile za kutengeneza hapa hapa ndani zina mafuta ya kupoza. Mafuta tunanunua kwenye dumu, muuzaji husemi naye sana, unajua tu ni ya transfoma. Nimeyashika kwa mikono mitupu miaka kumi na tano, tukiungua tunapaka, kuna wazee wanasema yanatibu vidonda na maumivu ya viungo. Sasa nataka kujua, ndo sumu mnayoisema?

Ng'wana Maswa (mleta uzi)

Fundi asante kwa kuuliza hadharani, hili linaokoa wengi.

Mafuta ya transfoma sio yote yana sumu hii. Mengi ni mafuta ya madini ya kawaida (nayo si ya kupaka mwilini). Kinachotafutwa ni PCB, kemikali iliyowekwa kwenye transfoma na kapasita za zamani, hasa zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 80, kwa sababu haishiki moto na haichakai. Ukiona kwenye kibati imeandikwa Askarel, Aroclor, Clophen au Pyralene kaa mbali kabisa. Ile PCB yenyewe ni nzito kuliko maji, ukiitia kwenye maji inazama, mafuta ya kawaida yanaelea. Lakini usijifariji na kuelea, kwa sababu mafuta ya kawaida yanaweza kuwa yamechanganyikana na PCB wakati wa kuchujwa au kujazwa kwa pampu moja, yakaelea na bado yakawa na sumu. Mkataba unahesabu kuanzia miligramu 50 kwa kilo, na kiasi hicho hakionekani kwa jicho wala pua, mpaka kipimo.

Dunia ilikubaliana vifaa vyenye PCB vitolewe kazini ifikapo 2025, na mafuta na vyuma vyake vishughulikiwe kwa njia salama ifikapo 2028. Ndo maana transfoma ikizeeka haifai kuuzwa skrepa kienyeji. Anayeichinja apate kopa anamwaga mafuta mtaroni.

Ushauri wangu fundi: glavu zisizopitisha mafuta, usipake kidonda, usichome, dumu lisirudi jikoni. Ukiweza badilisha mashine, hizi za inveta siku hizi hazina mafuta.

Kijana wa Eastlands

Sasa hiyo ya transfoma Kenya ilikuwa noma, watu walikuwa wanaiba mafuta wanauzia wakaanga chips kando ya barabara ati hayaishi haraka kama ya kawaida. Ilitangazwa kwa habari 2014 hivi. Mtaa unakosa stima juu ya mtu wa chips.

Lakini mimi nlitaka kuongea juu ya Dandora. Ile dampo inawaka usiku na mchana. 2005 kuna watu walichukua mayai ya kuku wa kienyeji karibu na dampo wakapima, walipata dayoksini juu ya kiwango ambacho Ulaya wanakubali kwa yai. Na hizo ni kuku zinajilisha tu hapo nje. Nakumbuka hata Tanzania walichukua mayai kwa hiyo utafiti, hapo hapo Vikuge mleta uzi anasema. Kuku ni kipimo kizuri juu inadonoa udongo siku nzima.

Ng'wana Maswa (mleta uzi)

Kweli kabisa ndugu yetu wa Nairobi, mayai ya Vikuge yalikuwemo kwenye ule upimaji wa 2005. Na hapo umetufikisha kwenye ile sumu ambayo hakuna aliyeinunua wala kuileta kwa meli. Dayoksini na furani hazitengenezwi kiwandani kwa makusudi, zinazaliwa kwenye moshi. Ukichoma plastiki yenye klorini kwa moto hafifu, zinatengenezeka hasa moshi unapopoa kwenye nyuzi 200 mpaka 450 hivi. Na kopa inaharakisha kazi. Sasa fikiria waya wa umeme: ganda ni PVC yenye klorini, ndani kopa. Ukiuchoma waya kwenye tairi uwanjani umetengeneza kiwanda kidogo cha dayoksini. Vijana wetu wanafanya hivyo kila jioni, wameinama juu ya moto, kilo ya kopa wapate hela ya kula. Nawalaumu kidogo sana hao vijana. Mashine ya mkono ya kumenya waya ipo, sio ghali kwa kikundi, na kopa isiyoungua ina bei nzuri zaidi kwa mnunuzi. Halmashauri ikinunua tano kwa kila soko la skrepa itakuwa imefanya kazi kubwa kuliko semina kumi za hotelini.

Nesi wa Zamu

Nimekuwa nasoma kimya kimya. Niseme mawili.

La kwanza akina mama wenzangu, najua mtakutana na habari kwamba DDT na wenzake wanapatikana kwenye maziwa ya mama. Ni kweli hupatikana, dunia nzima, kwa sababu maziwa yana mafuta. TAFADHALI msiache kunyonyesha. Shirika la Afya Duniani limeliangalia hilo na msimamo ni kwamba faida ya maziwa ya mama ni kubwa kuliko hiyo hatari. Maziwa ya mama hutumika kupima kwa sababu ni rahisi kuyapata, sio kwa sababu ni mabaya. Nimeshakutana na mama aliyeacha kunyonyesha kwa kusoma kipande cha habari mtandaoni na mtoto akaingia kwenye utapiamlo, nisingependa kuona tena.

La pili, taka za hospitali. Vile vitanuri vidogo vya matofali nyuma ya vituo vya afya ndo nilivyovizoea miaka yote, sindano, dripu na glavu vinaenda humo, moto hafifu, moshi mweusi unaingia wodi ya wazazi. Nilipohamia kituo nilipo sasa nikakuta otoklevu, taka zinapikwa kwa mvuke wa moto na shinikizo, vijidudu vinakufa, plastiki haichomwi, inasagwa. Tanzania ilikuwa kwenye mradi wa kimataifa wa kujaribu hii njia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kubuni otoklevu inayotengenezwa hapa hapa kwa vifaa vinavyopatikana. Mi ninaiendesha kwa mikono yangu. Inafanya kazi, moshi hakuna, na spea zikihitajika fundi anapatikana. Hii ingesambaa.

Mkazi wa Picha ya Ndege

Sasa hizo zilizozolewa Vikuge na kwingine zilienda wapi? Maana kama haziozi na haziungui vizuri...

Ng'wana Maswa (mleta uzi)

Swali zuri. Zinaungua, ila kwa tanuri maalum, joto zaidi ya nyuzi 1,100, moshi ukae humo muda wa kutosha halafu upozwe ghafla usipate nafasi ya kutengeneza dayoksini, na usafishwe. Kwa nchi nyingi za Afrika njia imekuwa kufunga upya kwenye mapipa yenye viwango, kontena, meli, Ulaya. Usafiri wenyewe unatawaliwa na mkataba wa Basel wa 1989. Na huku Afrika tuna Bamako wa 1991 unaokataza kutuletea taka za sumu. Kulikuwa na programu ya Afrika ya kusafisha hizi akiba za dawa mbovu, Tanzania ilikuwa kwenye kundi la kwanza pamoja na Ethiopia, Mali, Morocco, Nigeria, Afrika Kusini na Tunisia. Kazi ilifanyika na ilikuwa kazi ya maana.

Lakini ukiangalia gharama ndo unaelewa kwa nini udongo huwa unabaki. Unga tani moja unaingia kwenye mapipa machache. Tani hiyo hiyo ikishachanganyika na ardhi inakuwa mamia ya tani za udongo, na hakuna mfadhili anayelipia meli ya udongo kwenda Ulaya. Kwa hiyo udongo lazima tuumalize hapa hapa: kuzungushia uzio, kufunika kwa tabaka la mfinyanzi ili mvua isipenye, kuzuia mifugo na kilimo, kupima visima kila mwaka, na kuandika kwenye hati ya ardhi kwamba hapa pana kitu. Hili la mwisho ndo ningeomba tulipiganie, maana halihitaji mzungu wala mkopo. Sheria ya mazingira ipo tangu 2004, ya kemikali za viwandani na majumbani ipo tangu 2003 chini ya Mkemia Mkuu, ya afya ya mimea ya 2020 ndo iliyoleta mamlaka mpya ya viuatilifu pale Arusha badala ya TPRI, ile taasisi ya zamani ya utafiti wa viuatilifu. Hawa wote wana kipande chao cha taarifa. Wakae na wizara ya ardhi, ramani moja, kijiji kwa kijiji: ghala la zamani hapa, josho la zamani hapa, transfoma zilihifadhiwa hapa. Mnunuzi akienda kufanya sachi ya kiwanja aione.

Samahani nimeandika sana.

samaki_sato

Umeandika vizuri. Ila wazee wanaojua yalipokuwa haya mabanda wanakufa. Baba yangu alijua matatu huku kwetu, mimi nimebaki na moja.

Mkulima Kilosa

Na makopo jamani msiyasahau. Kopo la dawa ni chombo cha maji shambani kwetu mpaka leo, watu wanaosha na sabuni wanasema limetakata. Suuza mara tatu, yale maji ya kusuuzia mimina ndani ya pampu upulizie shambani, halafu litoboe chini lisitumike tena. Mi nimewafundisha vibarua wangu hivyo, nayatoboa mwenyewe kwa msumari kabla ya kulipa watu.

Nesi wa Zamu

Mleta uzi, na wale watoto wa chekechea? Umetueleza mambo mengi lakini hujasema ulifanya nini kuhusu lile ghala.

Ng'wana Maswa (mleta uzi)

Dada umeuliza kitu ambacho nimekuwa nakizunguka. Nilimwambia mwalimu, nikamwambia mwenyekiti wa kijiji, akanijibu kwa upole tu kwamba hawana jengo lingine na wazazi wamechangia madawati. Nikarudi mjini. Ndo maana nimeandika hapa, sikuwa nalala vizuri. Kesho natuma barua kwa afisa afya wa kata na nakala kwa ofisi ya viuatilifu ya kanda, nimeambatanisha picha za ule ufa. Ntaleta mrejesho.

Ng'wana Maswa (mleta uzi)

MREJESHO baada ya wiki tatu. Wamekuja watu wawili na gari, wakiwa na barakoa na glavu. Wamechukua sampuli sakafuni, kwenye ule ufa, na nje upande maji yanakotiririkia, kila shimo vina vitatu kama walivyofanya Vikuge. Majibu bado. Mwenyekiti mwenyewe ndo aliyewashikia futi. Mzee mmoja wa miaka themanini na kitu ametembea nao akawaonyesha shimo la pili nyuma ya ghala ambalo hata mi nilikuwa silijui, anasema walifukia mapipa pale wakati wa makabidhiano na yeye alikuwa mmoja wa vibarua. Ghala limefungwa. Watoto wako kwenye ukumbi wa kanisa siku za kazi, madawati yamepigwa maji na sabuni mara tatu juani kabla ya kuhamishwa, na maji yake yamemwagwa pale pale ndani ya uzio.

Ntaandika majibu yakitoka.